Mfuaji Nguo na Matete ya Kijito Chetu

Mama Mufuaji aliweza kukuambia ni nani anayechimba msingi wa nyumba huko juu bila kuinua kichwa kutoka kwenye beseni. Aliangalia tu shati alilolisuuza kijitoni. Maji ya kusuuzia yakiwa mekundu kidogo, walikuwa wanachimba upande wa shule. Yakiwa meusi, mtu ameng'oa migomba yake ili apate nafasi ya nyumba. Na yakiwa ya kijivu, kama maji yaliyooshea majivu, aliguna na kusema, "Simenti hiyo. Leo tajiri iko najenga." Ukipanda kilima jioni kwenda kuangalia, ulikuta kweli mifuko mitupu ya simenti imetupwa kando ya njia.

Hivyo ndivyo alivyoitwa na watu wote wa avenyu yetu, pale Nyabiondo: Mama Mufuaji. Jina lake la ubatizo nililijua baadaye, lakini naliacha. Nimefikiri sana kama kuliacha ni heshima au ni woga. Nadhani ni heshima, kwa sehemu kubwa.

Naandika juu yake kwa sababu kijito kilichompa kazi kiliharibiwa asubuhi moja, na tangazo la kazi ya asubuhi hiyo niliandika mimi, kwa mkono wangu. Nilijua yatakayotokea, nikanyamaza. Yeye hakujua kwamba nilijua. Kwa miezi mingi niliogopa siku atakayojua, na usiku mwingine niliogopa zaidi kwamba hatajua kamwe.

Lakini nianze na jiwe. Lilikuwa jiwe pana, limelala ukingoni katikati ya matete marefu, na mgongo wake ulikuwa umelika kwa miaka ya nguo. Alilipigia magoti juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Alivaa koti la kiume lililokatwa mikono kwenye viwiko, mvua au jua. Wateja wake walikuwa wanakwaya wenye kanzu nyeupe, watoto wa shule wenye mashati meupe, na muuguzi wa kituo cha afya mwenye makoti meupe. Nguo za rangi alizipokea pia, lakini bila furaha. "Nguo ya rangi inaficha," alisema. "Nyeupe haijui kusema uongo."

Hakuimba akifua, ingawa alikuwa na sauti nzuri. Alisema akiimba anasahau idadi ya mashati.

Nilimfahamu tangu utotoni, kama unavyoufahamu mlango wa jirani, lakini nilianza kumwona hasa nilipokuwa naandaa memwari yangu ya kumaliza masomo. Nilikuwa nimechagua kuandika juu ya vijito vinavyopita kwenye senta, vile vimji vya biashara, zinazokua haraka. Nilishuka kutoka Goma na chupa ndogo na vikaratasi vinavyobadilika rangi, nikakaa karibu na jiwe lake siku nzima nikichovya na kuandika, nikifuta na kuandika tena.

"Vile vikaratasi vinakuambia nini?" aliniuliza.

Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya, kwa sababu kila sentensi niliyoanza niliona ina kasoro, nikarudi nyuma kuirekebisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akakamua shati, akalinyoosha mbele ya uso wangu. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Na miye niko na hii," akasema. "Enjenia, andika na yeye mu kitabu yako."

Enjenia. Diploma yangu ni ya miaka mitatu tu, na hata hiyo sikuwa nayo bado siku ile. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mara tatu. Hakuacha.

Kuhusu sabuni alikuwa na sheria moja, na watu walimcheka kwayo. Maji ya sabuni hakuyamwaga kijitoni. Aliinua beseni zima, akalibeba hatua kumi na tano kupanda ukingo, akalimwaga kwenye majani, kisha akarudi kusuuza. Fikiria mara ngapi kwa siku, kwa magoti yale. Wanawake wengine waliofua chini yake waliona ni majivuno.

"Mama, mayi inapita tu, inaenda zake," mmoja alimwambia mbele yangu.

"Ndiyo, inaenda. Na weye ukilala mu nyumba ya muntu, ukakula kwake, asubuhi unamutemea mate ku sahani, kwa sababu unaenda zako?"

Walicheka wote, hata aliyeulizwa. Siku iliyofuata aliyeulizwa alimwaga sabuni yake kijitoni kama kawaida.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu. Makoti ya muuguzi yalikuwa na madoa ambayo sabuni haiyawezi, na kwa hayo alitumia javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo. Siku moja beseni la javeli lilimteleza, likamwagika lote majini. Kesho yake kaa wadogo walielea migongo chini kutoka jiwe lake hadi kivukoni. Watu walipouliza, aliwasingizia vijana waliozoea kuoshea pikipiki humo. Mimi nilikuwa nimekaa pale na chupa zangu. Alinigeukia.

"Umeona nini?"

"Nimeona javeli, Mama."

"Basi umeona. Usiandike."

Sikuandika. Wiki ile hakuwatania vijana wa pikipiki hata mara moja, na muuguzi alirudishiwa makoti yake yakiwa na madoa.

Siku nyingine aliwatania bila huruma. Walishuka kuosha pikipiki katikati ya maji, mafuta yakatanda kama upinde wa mvua. Aliwaacha mpaka wamalize tairi la mbele.

"Kaka," aliita kwa upole sana. "Mama yako nyumbani, anapika na mayi gani?"

"Ya hapa hapa, Mama."

"Anapika nini leo?"

"Sombe."

"Sawa. Mwambie asiweke mafuta. Umeisha kumuwekea."

Kijana aliitoa pikipiki majini, wenzake wakimpigia makofi.

Senta ilikua, na hakuna aliyeikuza kwa ubaya. Watu walikuja kutoka vijiji ambako risasi zilikuwa zimewatangulia, magodoro kichwani, kuku kwapani. Wengine walikuja kwa biashara ya maharage. Mashamba yaliyokuwa juu ya kijito yalikatwa viwanja, au paseli, paseli zikapata nyumba, nyumba zikapata mabati, na kila ua ukakanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Kwenye memwari nilitumia kurasa kumi na moja kueleza kwamba shamba la maharage hunywa mvua na bati halinywi, kwa hiyo maji yote hushuka mara moja, na udongo pamoja nayo, na baadaye jua likiwaka kijito hakina akiba. Yeye alikuwa amekwisha kunieleza kwa maneno machache kuliko kichwa cha sura yangu ya kwanza.

"Zamani mvua ilikuwa nabisha hodi," alisema. "Sasa inavunja mulango."

Alizilaumu nyumba zile kila siku. Alizihesabu kwa sauti, moja moja, kama mtu anayehesabu mbuzi walioingia shambani mwake. Na bado, familia moja ya watu saba ilipofika na kukosa pa kulala, aliwapa nusu ya paseli yake mwenyewe, iliyokuwa juu ya kijito kabisa. Wakajenga. Wakachimba choo pale pale ambapo mimi, kwa elimu yangu, nisingechimba hata shimo la mhogo. Nilikosa usingizi kwa ajili ya choo kile. Mwishowe nilimwendea.

"Mama, si kila siku unalia juu ya nyumba za huko juu?"

"Nalia."

"Na hawa?"

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeuliza kwa nini moto ni moto. "Nililia juu ya nyumba. Siyakulia juu ya bantu."

Jibu hilo bado sijui niliweke kwenye sura gani. Ila najua kwamba wiki mbili baadaye yeye na baba wa familia ile walikifukia kile choo, wakachimba kingine upande wa pili wa nyumba, mbali na kijito, na kwamba jembe la pili lilikuwa lake.

Hofu zangu alizijua. Alisema mimi napika mawazo kama maharage ya zamani: kuni nyingi, moshi mwingi, na bado magumu. Alisema hivyo huku akinipa kazi, kwa kawaida kukamua upande wa pili wa shuka, kwa sababu aliamini mikono ikiwa na shughuli kichwa hutulia. Na kilitulia kidogo. Tulikamua shuka yeye akizungusha kulia na mimi kushoto, na nilipokosea nguvu alinirudisha: "Enjenia, hauko peke yako ku hii shuka."

Sasa nifike kwenye salongo. Nimeichelewesha, naona.

Kila Jumamosi asubuhi avenyu yetu hufanya salongo, kazi ya pamoja: kufagia njia, kuziba mashimo, kufyeka. Msimu ule shefu wa avenyu, mtu mzima mpole na mpenda utaratibu, alikuwa amechoshwa na malalamiko juu ya kijito. Kilinuka, kilikuwa na mbu, kilikuwa na matope. Alipokiangalia aliona matete marefu na magugu, na katika matete takataka zilizonaswa. Kwetu mahali pasafi ni mahali palipofyekwa. Ua wa mama mwenye bidii hauna hata jani moja. Kwa hiyo akaamua: kijito kisafishwe. Matete yote, pande zote mbili, kutoka juu hadi kivukoni, na mizizi ing'olewe ili yasirudi.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya avenyu kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Nilijua kwamba matete yale ndiyo yaliyoshika kingo, na kwamba ule uchafu uliokuwa umenaswa ulikuwa umezuiwa kufika majini. Nilikuwa nimeandika hivyo katika memwari na nikapewa alama nzuri. Nilikuwa na siku tatu za kusema. Siku ya kwanza nilitafuta maneno. Siku ya pili niliyapata, nikaona yana kiburi: msichana aliyerudi juzi kutoka iniversite anamfundisha shefu kusafisha. Siku ya tatu niliyalainisha mpaka hayakubaki na kitu ndani. Kwenye mkutano shefu aliniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema hapana, Papa Shefu. Kisha nikaandika tangazo, kwa herufi kubwa zilizonyooka: kila nyumba ilete panga na jembe.

Walikuja watu wa kila nyumba. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba walifanya kazi vizuri. Walifyeka wakiimba, walitania, akina mama walileta uji. Mama Mufuaji alipoona wanafika kwenye jiwe lake alikaa juu yake, miguu majini.

"Mama, toka kidogo tusafishe," wanaume wakamwambia.

"Safisheni tu. Miye si uchafu."

"Nyoka iko mu hii matete, Mama."

"Iko. Tunajuana."

Wakacheka, wakafyeka kumzunguka, wakang'oa mpaka kwenye kisigino chake. Alinitafuta kwa macho, mimi niliyekuwa nimesimama na orodha ya nyumba mkononi. Nadhani alinitafuta kwa sababu nilikuwa mtu wa vitabu na alitaka niseme neno moja. Nilitazama orodha. Saa sita kijito kilikuwa kimenyolewa kama kichwa cha mtoto anayeanza shule, na shefu alisema hajawahi kukiona kizuri hivyo.

Mvua kubwa ya tatu iliangusha kingo. Mashati hayakutoka tena meupe, hata yakisuuzwa mara sita. Mvua ya tano au ya sita ililizika jiwe chini ya mchanga, na pale alipopiga magoti miaka yote pakawa mteremko wa udongo mwekundu. Wanakwaya walianza kufua kwa maji ya mvua nyumbani. Muuguzi aliomba msamaha, akapeleka makoti yake kwenye robine, bomba la maji la huko juu. Mama Mufuaji alibaki na watoto wa shule wachache, na kwa ajili ya mashati yao alitembea hadi kijito cha kilima cha pili, saa moja kwenda na saa moja na nusu kurudi na nguo mbichi kichwani.

Hakunung'unika juu ya salongo. Alisema watu hawakujua. Alilisema hilo mara kwa mara, mbele yangu, kwa kuwatetea: "Hawakujua. Muntu asiyejua, utamufanya nini?" Na kila mara nilihisi mtu ananimwagia maji baridi mgongoni.

Kisha nilipata kibarua cha miezi minane upande wa Walikale, Itebero, kuhesabu visima na kuandika hali yake. Ningependa kusema nilikwenda kwa ajili ya kazi tu. Huko, msituni, nilivuka vijito ambavyo bado vina miti pande zote mbili, maji meupe kiasi kwamba unaona kivuli cha samaki kwenye mchanga, na katika kila kimoja niliona shati likisuuzwa. Niliporudi Nyabiondo nilijipa wiki ya kujiandaa. Lakini siku ya pili tu nilikutana naye njiani, asubuhi, akielekea kilima cha pili na beseni lake.

Alikuwa amepungua. Nilimpokea beseni, nikaliweka kichwani kwangu, tukatembea. Aliniuliza kama Itebero wananipa chakula. Nikajibu. Kisha, bila kupanga, na kwa maneno mabaya kuliko yote niliyowahi kuyatayarisha, nikasema, "Mama, mimi nilijua. Siku ya salongo. Nilijua matete yakitoka kingo zitaanguka. Niliulizwa kwenye mkutano, nikasema sina la kuongeza. Na tangazo niliandika mimi."

Alisimama. Pikipiki moja ilitupita. Akasubiri vumbi litulie.

"Ulijua."

"Nilijua, Mama."

"Hawa benye kukata hawakujua. Weye ulijua."

"Ndiyo."

Alinyoosha mikono, akaliondoa beseni kichwani mwangu, akaliweka kichwani mwake. Alitembea. Nilimfuata nyuma hatua chache, nikiwa sijui kama nimefukuzwa. Tulipanda hivyo mpaka kwenye mgongo wa kilima, na hapo ilibidi apumzike, maana magoti yalikataa. Nilitaka kumshika mkono. Nikaogopa. Nikamshika. Hakuutoa.

"Leo siwezi kukusamehe," alisema, akihema. "Leo niko na mashati ya watoto."

"Na kesho?" Sauti yangu ilikuwa ya mtu wa miaka sita.

"Kesho kuja na panga. Ukate matete kule chini ya kivuko, yale walisahau. Vipande yenye macho matatu matatu. Na usilete orodha."

Usiku ule nilihangaika kama kesho maana yake asubuhi au mchana. Nilifika alfajiri. Yeye alikuwa amefika kabla yangu, amepiga magoti kwenye udongo mwekundu juu ya gunia lake. Alinionyesha: kipande hulazwa mshazari, macho mawili, yaani vifundo viwili, chini ya udongo, moja juu, ncha ielekee maji. Nilipoanza kuuliza umbali unaofaa kati ya kipande na kipande, kwa kuwa kitabu kimoja kinasema hivi na kingine vile, alinipa kipande kingine mkononi. Tulipanda mstari mmoja, kisha wa pili. Jua lilitoka. Hakusema neno la msamaha na mimi sikuliomba.

Ndipo shefu wa avenyu alipopita njia ya juu, na fimbo yake, pamoja na wanaume wawili waliokuwa wanakwenda mashambani. Alisimama.

"Mama! Munafanya nini hapo? Tulisafisha hapo, na nyinyi munarudisha magugu?"

Nilimgeukia Mama Mufuaji ajibu. Yeye ndiye mwenye ulimi, mwenye umri, mwenye kijito. Aliendelea kubonyeza udongo kwa kidole gumba, kana kwamba swali halikuwa lake. Na kweli halikuwa.

Nikasimama. Matope yalikuwa yamenishika mpaka magotini. Nikasema, lakini kwa chini, kwamba matete yale yalikuwa yanashika udongo, kwamba nilijua tangu mwanzo, kwamba kosa ni langu kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

"Anasema nini?" shefu akauliza wenzake.

"Ongeza sauti, Enjenia," Mama Mufuaji alisema bila kuinua kichwa. "Mayi iko na makelele."

Kijito asubuhi ile kilikuwa uzi tu kwenye mchanga, hakikuwa na sauti hata ya kumwamsha mtoto mchanga. Nikavuta pumzi, nikaanza upya, kwa nguvu, mpaka waliokuwa kivukoni nao wakageuka kusikiliza.